Ziwa Likifungwa, Kazi Ihamie Mwaloni: Vichanja vya Dagaa Kabla ya Mvua

Mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, uvuvi ulisimamishwa upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika. Nchi nne zinazolizunguka ziwa hili, yaani Tanzania, Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zilikubaliana kulipumzisha miezi mitatu ili samaki wazae na wachanga wakue. Sababu ni nzuri. Lakini anayeishi Kibirizi, Katonga au Ujiji, kwenye ufukwe wa Kigoma, anajua miezi hiyo ina maana gani: boti zimepinduliwa mchangani, wabebaji hawana cha kubeba, na mama aliyekuwa akinunua beseni mbili za dagaa alfajiri na kuwaanika hana biashara.

Kwa chuo cha uvuvi, kipindi hicho ndicho kipimo cha kweli cha kazi yake. Mkoa wa Kigoma una bahati: Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, una kampasi Kibirizi, na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ina kituo chake mkoani hapa. Elimu ipo jirani kabisa na wanaoihitaji. Swali ni kama inafika mchangani. Miezi ambayo mwanikaji ana nafasi ya kusikiliza ni hii hii, maana boti zikirudi majini hakuna atakayesimama kusikiliza somo huku dagaa wake wanalainika kwenye beseni.

Somo la kwanza la kupeleka mwaloni, yaani ufukweni boti zinaposhusha samaki, ni kichanja: meza ya nguzo, fito na wavu ya kuanikia dagaa. Dagaa anayeozea nchi kavu ameshatoka ziwani. Hakuna kufunga ziwa kutakakomrudisha. Na wanaoharibika mchangani, hasa mvua zinapoanza, ni wengi kuliko inavyostahili.

Tazama kalenda. Kigoma tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza Oktoba au Novemba hadi Aprili, pengine Mei. Ziwa likifungwa katikati ya Mei, kama 2024, ndipo kiangazi kinapoanza, jua kali, anga safi, upepo wa kusi unavuma. Yaani miezi bora kuliko yote ya kuanika ndiyo isiyo na dagaa. Ziwa likifunguliwa katikati ya Agosti, mwanikaji amebakiwa na wiki kama nane za jua la uhakika, kisha mawingu. Asiyejiandaa Juni na Julai ataanika mchangani Novemba, na Novemba mchanga hausamehe.

Dagaa wetu ni wa aina mbili hasa, ambazo wataalamu huziita Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Wote wana tumbo laini na ngozi nyembamba. Akivuliwa akiwa ameshiba, vimeng'enya vya tumboni vinaanza kummeng'enya yeye mwenyewe, na saa chache baadaye tumbo linapasuka. Kwa hiyo dagaa wa wavu wa kwanza wa usiku, aliyekaa kwenye boti tangu saa tatu, si sawa na wa wavu wa mwisho wa saa kumi alfajiri. Wakichanganywa kwenye beseni moja, wabovu wanawachafua wazima. Mwombe mwenye boti awatenganishe, na ununue kwa bei mbili. Dagaa waliopasuka matumbo na kunuka usiwaanike kabisa: samaki wa jamii hii wakilala kwenye joto hutengeneza sumu inayowasha midomo, kuleta wekundu usoni na kuumiza kichwa, na sumu hiyo haiondoki kwa jua, moshi wala mafuta ya moto.

Sasa kichanja chenyewe. Kipimo kinachofaa kwa mtu mmoja au wawili ni urefu wa mita 10 na upana wa mita 1.2. Usizidishe upana. Mtu akisimama upande mmoja mkono wake ufike katikati, la sivyo ataegemea wavu na kuulegeza, au ataacha wa katikati wakiwa wamerundikana. Kimo ni mita 1 kutoka ardhini. Hapo kuku hafiki kirahisi, vumbi halirukii, na hewa inapita chini. Hewa hiyo ya chini ndiyo siri ya kichanja. Dagaa wa mchangani anakauka upande mmoja tu, huku upande wa pili unanyonya unyevu wa ardhi. Wa kichanjani anapata upepo juu na chini, na siku ya jua kali iliyoanza mapema anaweza kukauka kabla ya jioni.

Kwa kipimo hicho utahitaji nguzo 12 za mita 1.5 kila moja, zisimame jozi jozi kila baada ya mita 2, zikizikwa nusu mita. Mikaratusi inatosha. Choma ncha ya chini hadi iwe nyeusi ili mchwa wasiimalize mapema. Oili chafu ya injini usiipake, kwa sababu itashuka mchangani na kuishia ziwani, na harufu yake dagaa huidaka. Juu ya nguzo pita na fito mbili ndefu pembeni na moja katikati, yaani mita 30 kwa jumla, pamoja na fito 6 za kukatiza za mita 1.2. Ile fito ya katikati wengi huiacha ili kupunguza gharama. Baada ya wiki tatu wavu unakuwa kama machela, dagaa wote wanateremkia katikati, wanarundikana, na wanaoza wakiwa juu ya kichanja kizuri. Upande mmoja uwe juu kidogo, sentimita 5 zinatosha, ili maji yachuruzike.

Wavu uwe wa nailoni au wa waya usioshika kutu, matundu ya milimita 5 hivi. Hapa pana onyo ambalo lazima lisemwe bila kupindisha: chandarua cha mbu kisitumike, si cha kuanikia wala cha kufunikia dhidi ya nzi. Vyandarua vinavyogawiwa vina dawa ya kuua wadudu, na dagaa mwenye majimaji na mafuta anaigusa siku nzima. Chandarua kazi yake ni kitandani, kuwakinga watoto na malaria.

Ukishajenga, kosa linalofuata ni tamaa. Mita moja ya mraba inachukua kilo 3 hadi 4 za dagaa wabichi, wakiwa safu moja tu, bila kulaliana. Kichanja cha mita 12 za mraba, basi, ni kilo 40. Anayepokea kilo 200 kwa usiku mmoja anahitaji vichanja vitano. Hesabu hii inawashtua wengi, na ndiyo maana ifanywe Juni na si Agosti. Kilo 80 zikimwagwa kwenye kichanja cha kilo 40, hazikauki hata kwa muda maradufu: safu ya chini inabaki na majimaji hadi jioni, inalala hivyo, na asubuhi inanuka.

Kabla ya kumwaga, osha dagaa kwa maji safi. Maji ya ukingoni, pale watu wanapooga na kufulia, siyo. Kigoma tunakumbuka Mei 2015, kipindupindu kilipozuka Kagunga wakati maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walipokuwa wamesongamana ufukweni. Chota maji mbali na ukingo kwa boti, au tumia ya bomba.

Utajuaje amekauka? Wengi huvunja kichwa na kusikiliza mlio, na wazoefu hawakosei sana. Ila mlio haumfundishi anayeanza, na mnunuzi wa mbali hauamini. Kuna njia inayohitaji mizani ndogo tu. Dagaa mbichi ana maji kama robo tatu ya uzito wake. Pima kilo 1 kamili ya wabichi waliochujika, watandaze kwenye kona ya kichanja palipozungushiwa uzi mwekundu, na usiwachanganye na wengine. Saa nane mchana wakusanye hao tu, upime. Mizani ikisoma gramu 400, bado. Gramu 350, bado. Ikifika kati ya 280 na 290, maji yaliyobaki ni kama asilimia 11 hadi 14, na ukungu hauna pa kushika. Ukiwatoa kwenye gramu 350 kwa sababu mnunuzi amesimama na gari lake, umemuuzia maji, na ndani ya wiki mbili atafungua kiroba na kukuta unga wa kijani. Mwaka unaofuata hatasimama kwako.

Ziwa likiwa limefungwa Juni na Julai, hakuna dagaa wa kufanyia mazoezi, lakini muhogo upo. Muhogo uliomenywa na kukatwa vipande vyembamba unafundisha mkono uleule: kilo 1 ikibaki gramu 400 hadi 450, imekauka. Kikundi kinachojifunza kupima kwa makopa Julai hakitasumbuliwa na dagaa Agosti, na kichanja hakikai bure. Muhogo mchungu lakini uloweke kwanza kama desturi ilivyo, kwa kuwa jua peke yake haliondoi sumu yake yote. Kisha sugua wavu vizuri kabla ya msimu wa dagaa.

Kiroba nacho kina masharti yake. Dagaa aliyetoka juani ni wa moto. Ukimfunga papo hapo, jasho lake linaganda ndani ya kiroba na kumlowesha upya. Mwache kivulini saa moja apoe. Kiroba kikae juu ya mbao, sentimita 15 kutoka sakafuni, na kisiguse ukuta. Wakiingia wadudu wanaokula samaki wakavu, na viwavi vyao vyenye manyoya, waanike tena dagaa juani na kuwapepeta. Kamwe usinyunyizie dawa ya kuulia wadudu, iwe ya pamba, ya mahindi au ya kunguni. Chakula hiki kinaliwa na watoto, tena kizima, kichwa hadi mkia.

Mvua ikikukuta? Kila kichanja kiwe na upinde wa fito na nailoni angavu ya kuvuta juu yake, pande mbili zikiachwa wazi. Ukifunga pande zote, mvuke hauna pa kutokea na dagaa wanachemka badala ya kukauka. Mawingu yakikaa siku nzima, yeyusha kilo 1 ya chumvi kwenye lita 10 za maji safi, tumbukiza dagaa dakika 10 hadi 15, wachuje, kisha watandaze chini ya paa penye upepo. Chumvi inapunguza maji, inawapa nzi tabu, na inakununulia muda hadi jua la kesho. Ikiwa hata kesho hakuna jua, kaanga. Dagaa wa kukaanga wa Kigoma ana soko lake na wala si biashara ya kubahatisha. Barafu inasaidia pia, ila kwa joto letu uwiano ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, na ni wachache wanaoimudu. Mgebuka, samaki wa ziwa hili mkubwa kuliko dagaa, ni habari nyingine: huyo ni wa moshi, na moto ukiwa mkali mwanzoni ngozi inakauka na kufungia maji ndani, ukimvunja siku ya tatu katikati ni mbovu.

Kuna jaribio moja ambalo mkufunzi anayekwenda mwaloni asiliache. Chukua bilauri mbili za maji safi. Moja tia kiganja cha dagaa wa mchangani, nyingine kiganja cha wa kichanjani. Koroga, subiri dakika tano, kisha watoe dagaa. Kwenye bilauri ya kwanza mchanga umetulia chini, unaonekana kwa macho. Mama anayeanika huhitaji kumweleza zaidi. Ndicho anachosaga mteja wake chini ya meno, na ndicho kinachoshusha bei.

Gharama ya vichanja vitano ni nzito kwa mtu mmoja, hilo ni kweli. Kikundi cha watu watano hadi kumi kinaiweza, na mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato ya ndani imetengewa wanawake asilimia 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2. Waanikaji wengi wamo kwenye makundi hayo. Ombi liandikwe mapema, likiwa na hesabu ya nguzo, fito na wavu kama ilivyo hapo juu, kwa kuwa afisa anayepokea andiko lenye vipimo ana cha kukagua. Eneo la kujenga lipatikane kupitia BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ya mwalo na serikali ya mtaa au kijiji, kwa maandishi. Ziwa hili hupanda, na miaka ya karibuni lilimeza nyumba na barabara za ufukweni. Usijenge pale mchanga ulipo leo tu. Waulize wazee maji yalifika wapi, kisha panda hatua kadhaa juu ya alama hiyo.

Chuo nacho kina deni lake hapa. Kuwaita wanakijiji darasani siku moja, kuwapa chai na kupiga nao picha, hakujengi kichanja. Panapohitajika ni mkufunzi na wanafunzi wake wanne watano kukaa mwaloni wiki mbili, wasimamishe kichanja kimoja cha mfano pamoja na kikundi, wakiache pale na mizani moja, halafu warudi mara tatu: wiki ya kwanza baada ya ziwa kufunguliwa, mvua ya kwanza inaponyesha, na Januari. Safari ya Januari ndiyo muhimu kuliko zote, kwa kuwa hapo ndipo wavu umelegea, nailoni imepasuka na uzi mwekundu wa kona ya kipimo umekatika, na kikundi kinaamua kama kitautengeneza au kitarudi mchangani.