Determinanti ya sifuri haimaanishi kwamba hakuna jibu

Wanafunzi wengi wa Hisabati ya Juu hapa Moshi, wakikokotoa determinanti ya milinganyo (namba moja inayopatikana kutokana na namba zinazozidisha herufi zake) na kupata sifuri, huandika kwamba hakuna jibu, kisha huhamia swali linalofuata. Hitimisho hilo ni la haraka mno. Sifuri huonyesha tu kwamba matriksi, yaani jedwali la namba hizo, haina kinyume (matriksi ya kuitengua), hivyo milinganyo haina jibu moja la pekee. Huenda haina jibu kabisa, au ina majibu yasiyo na idadi.

Tuseme katika soko la Mbuyuni mteja mmoja amenunua kilo 1 ya mchele na kilo 2 za maharage kwa shilingi 8,000, na mwingine, kwa bei zilezile, kilo 2 na kilo 4. Determinanti ni 1×4 − 2×2, yaani sifuri. Ikiwa wa pili amelipa 16,000, mlinganyo wake ni ule wa kwanza uliozidishwa kwa 2, na majibu hayaishi. Ikiwa amelipa 15,000, tukitoa safu ya kwanza, yaani mlinganyo wa kwanza, mara mbili tunabaki na 0 = −1,000, na hapo ndipo jibu linapokosekana.

Wapo wanaojitetea kwa kanuni ya Cramer, inayotafuta kila herufi kwa kugawanya determinanti moja kwa nyingine, wakidai kwamba determinanti zote zikiwa sifuri basi majibu hayana idadi. Dai hilo huvunjika kwenye herufi tatu: x + y + z = 1, x + y + z = 2 na x + y + z = 3 hutoa sifuri kila mahali, ilhali ni dhahiri kwamba zinapingana. Kurahisisha safu kwa safu huchukua muda zaidi kwenye mtihani, lakini huonyesha mkanganyiko ulipo.