Kilichomsimamisha mgonjwa

Mgonjwa anayelalamika kwamba pumzi humwishia akipanda ngazi huwa ameshapimwa mengi kabla hajafika kwangu: picha ya kifua, umeme wa moyo, damu. Yote hayo kapimwa akiwa ameketi au amelala. Majibu yakitoka safi, wapo wanaoambiwa ni wasiwasi tu. Jambo hili huniuma. Mtu analalamikia mwili unaofanya kazi, nasi tunampima akiwa amepumzika!

Mimi humpandisha kwenye baiskeli ya mazoezi, namvisha barakoa inayobana pua na mdomo, kisha mashine inapima kila pumzi: oksijeni iliyotumika na kabonidioksaidi iliyotoka. Ugumu wa kukanyaga pedeli huongezeka kidogo kidogo, na nakadiria ongezeko hilo ili afike ukomo wake ndani ya dakika 8 hadi 12. Zoezi likirefuka mno, miguu na makalio humshinda kabla moyo na mapafu havijafikishwa mwisho. Kwa kuwa kuzungumza ndani ya barakoa ni taabu, namshikia kadi ya Borg, yenye namba 0 hadi 10, aonyeshe kwa kidole pumzi imembana kiasi gani. Kidole kikiruka kutoka 4 hadi 8 huku mapigo ya moyo bado yako chini, najua kuna la kutafuta.

Namba inayoulizwa zaidi ni kilele cha matumizi ya oksijeni. Mtu aliyetulia hutumia takriban mililita 3.5 kwa kila kilo ya uzito kwa dakika. Kwa mwenye moyo kushindwa kufanya kazi, kilele kisichozidi 14, au 12 ikiwa anatumia dawa za kupunguza kasi ya mapigo, ni moja ya vigezo vya kufikiria upandikizaji wa moyo. Anayetarajia kukatwa sehemu ya pafu, kilele kikizidi 20 humpa daktari wa upasuaji ujasiri wa kuendelea. Kikiwa chini ya 10, hatari ni kubwa.

Hata hivyo, namba hiyo peke yake ni nusu ya jibu. Watu wawili wanaweza kuishia kwenye 13, mmoja kwa sababu ya mapafu, mwingine moyo. Wa kwanza utamwona anavuta karibu hewa yote ambayo kifua chake kinaweza kuvuta, ilhali moyo una nafasi ya kwenda mbio zaidi. Wa pili ana akiba ya pumzi, ila oksijeni inayobebwa kwa kila pigo la moyo imegota mapema na haipandi tena. Yupo pia ambaye misuli imelegea tu kwa kukaa muda mrefu bila kujishughulisha, na huyo matibabu yake ni mazoezi. Nikikuta kabonidioksaidi inayotoka haijaipita oksijeni inayotumika, nasita kutoa hukumu: pengine hakufika mwisho wa nguvu zake. Na kanuni ya 220 kutoa umri, inayokadiria mapigo ya juu kabisa ya moyo, usiitumie kwa anayemeza dawa hizo za mapigo, itakudanganya.

Pasipo na mashine, kuna kutembea kwa dakika 6 kwenye ukumbi wa mita 30, kwenda na kurudi. Kipimo hiki nakiheshimu sana, mradi anayekisimamia asimhimize mmoja kwa shangwe na kumnyamazia mwingine. Mara ya pili wengi hufika mbali zaidi kwa kuzoea tu, ndiyo maana tunakirudia. Kinakuambia mgonjwa kafika wapi, kilichomzuia hakikuambii.

Mwenye maumivu ya kifua yasiyotulia hapandi baiskeli. Na shinikizo la damu likianza kushuka huku kazi inaongezeka, nasimamisha papo hapo.

Barakoa ikishatoka, namuuliza mgonjwa kabla ya yote: ni miguu au ni pumzi? Jibu lake naliandika kwenye ripoti kama alivyolisema, juu ya namba zote.