Ubatizo wa kumwagiwa maji haukubuniwa Zama za Kati

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya Lindi, Masasi na Mtwara mjini kuna ujumbe unaozunguka kila mara: eti kumwagia maji kichwani kulibuniwa Ulaya katika Zama za Kati (takriban karne ya 5 hadi ya 15), kwa hiyo aliyebatizwa hivyo hajabatizwa.

Kihistoria si kweli. Didake, andiko la Kikristo ambalo wataalamu wengi huliweka karne ya 1 au mwanzoni mwa karne ya 2, linaagiza katika sura ya 7 kubatiza katika maji yanayotiririka. Yakikosekana, maji mengine, hata ya moto. Nayo yasipopatikana, mmwagie kichwani mara tatu kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Sura yenyewe ni fupi, isome.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu kuzamisha ndiko kulikuwa kawaida zamani, na Ulaya Magharibi kumwagia kulienea baadaye. Kuenea si kuanza. Madhehebu yanayozamisha tu yana hoja zao za Biblia, nazo ni za kuheshimiwa. Wakatoliki hukubali njia zote mbili.

Inaniuma mama aliyempeleka mwanawe kanisani na kitambaa cheupe akiambiwa na simu kwamba alijisumbua. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mwenye shaka amuulize padri au mchungaji wake.