Ukimya wa mwajiri si jibu: dhana potofu za waombaji kazi

Miongoni mwa wahitimu ninaowashauri hapa Dodoma, hakuna kauli ninayoisikia mara nyingi kuliko hii: "Wamekaa kimya, hiyo nafasi ina mwenyewe." Anayeitoa kwa kawaida hajauliza wala kufuatilia, na mara nyingi ameshaacha kuomba kwingine.

Upendeleo upo, na sitajifanya haupo. Hata hivyo, ukimya hauuthibitishi, kwa sababu nafasi iliyokwisha kupangiwa mtu inaweza kufuatiwa na barua nzuri ya kumshukuru kila mwombaji, ilhali nafasi ya haki ikakaa miezi mitatu bila neno. Mara nyingi kimya hicho hutokea kabla ya uamuzi wowote kufanywa: taasisi ya umma inasubiri kibali, shirika lisilo la kiserikali linasubiri mfadhili aidhinishe bajeti ya mradi, na katika kampuni ndogo ofisa rasilimali watu ndiye huyo huyo anayeandaa mishahara, likizo na michango ya NSSF, kwa hiyo mwisho wa mwezi maombi ya kazi hayafunguliwi kabisa. Wakati mwingine hata kimya chenyewe hakikuwapo. Mhitimu mmoja alinilalamikia shirika ambalo, kwa maneno yake, halijali watu. Nilipomtaka afungue barua taka katika simu yake, mwaliko wa usaili ulikuwamo, umekaa siku nane, na usaili wenyewe ulikuwa umefanyika juzi yake. Wengine wanaacha katika wasifu wao namba ya laini waliyoitupa tangu chuoni.

Ninachowahimiza wote ni hiki: wiki mbili baada ya siku ya mwisho ya kupokea maombi, andika barua pepe moja fupi, ukitaja kazi uliyoomba, kumbukumbu namba ya tangazo na tarehe uliyotuma maombi, kisha uulize mchujo umefikia hatua gani. Usiulize kama umepata. Swali la kwanza ofisa anaweza kulijibu bila kuomba ruhusa kwa mkubwa wake; la pili hawezi, na ndiyo maana halijibiwi.

Kuhusu ajira za Serikali, wanaosubiri kupigiwa simu watasubiri sana. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huweka majina ya wanaoitwa kwenye usaili katika tovuti yake, na mwombaji hunakili mwenyewe namba yake ya mtihani kutoka katika akaunti yake ya Ajira Portal, kwa kuwa namba hizo hazitolewi siku ya usaili. Kuishi mji mmoja na ofisi hizo, kama tunavyoishi sisi wa Dodoma, hakumwongezi mtu katika orodha.

Wapo wanaoamini kwamba kupiga simu kila asubuhi kunaonyesha nia. Kunaonyesha usumbufu. Na mtu anayekuomba "hela ya kufuatilia faili" hafuatilii faili lolote; usimpe hata nauli.

Waajiri nao wana dhana yao, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayozizaa hizi nyingine: kwamba maombi yakiwa mengi, haiwezekani kuwajibu wote. Ofisi iliyoweza kupokea maombi mia tano kwa barua pepe inaweza kutuma ujumbe mmoja kwa anwani zote mia tano, zikiwa zimefichwa, na kazi hiyo haimalizi hata muda wa chai ya saa nne. Ikishindwa hilo, basi irekebishe tangazo lake. Ile sentensi ya "watakaochaguliwa tu ndio watakaojulishwa" ina upungufu mmoja mkubwa, nao ni kukosa tarehe. Ikitajwa siku ambayo walioteuliwa watakuwa wamekwisha kujulishwa, kila mwombaji atajua lini aache kusubiri.