Mfumo jumuishi si furushi la programu

Mfumo jumuishi wa biashara ni programu inayobeba shughuli za kampuni nzima, yaani mauzo, manunuzi, stoo, mishahara na hesabu, juu ya kanzidata moja, yaani hifadhi moja ya taarifa katika kompyuta, na ambayo kwa kuitegemea kanzidata hiyo huweza kutekeleza baadhi ya kazi yenyewe bila kusubiri kuamriwa. Wengi wanaujua kwa herufi tatu, ERP, kifupi cha Kiingereza cha Enterprise Resource Planning. Maana haizidi hapo, na nisingeiandikia makala kama neno lingekuwa linatumika hivyo. Ninachokisikia kwa wauzaji, na kukisoma hata katika nyaraka za zabuni, ni kwamba programu tano zilizonunuliwa kwa pamoja na kufunguliwa kwa nywila moja huitwa "mfumo jumuishi", ilhali kila moja ina kanzidata yake na haijui kilichomo katika nyingine.

Kosa hili linaniudhi kwa sababu maneno yenyewe yanalikataa. Mfumo unatokana na kufuma. Mtu aliyekulia katika nyumba yenye vitambaa vya kufuma juu ya meza na makochi anajua kwamba kitambaa kile si vipande vilivyoshonwa pamoja. Ni uzi unaozunguka na kujishika wenyewe, kiasi kwamba ukikatika mahali pamoja na ukavutwa, ua zima hufumuka. Shuka la viraka nalo linafunika na linafaa, lakini limeshonwa, halikufumwa.

Jumuishi ni wa ukoo wa jumuiya, jamii, jamaa na Ijumaa, maneno yaliyotoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kukusanyika. Jumla, ingawa sikioni inafanana nayo, ina mzizi mwingine; hiyo ni hesabu ya vitu vilivyowekwa pamoja, kama katoni zinazouzwa kwa jumla, ambazo hazina uhusiano wowote zaidi ya kuwa katika lori moja. Waliokusanyika msikitini siku ya Ijumaa si idadi tu, bali wamepanga safu nyuma ya imamu mmoja, na akirukuu wote wanarukuu. Muuzaji anaposema jumuishi huku akimaanisha kwamba kila kitu kimo ndani, anachokieleza ni jumla.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri katika duka la vifaa vya ujenzi. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unaweza kuitwa "Saruji 42.5" katika programu ya kaunta, "Simenti mfuko" katika jedwali la mtunza stoo, na "Cement 50kg" katika programu ya mhasibu. Jioni mtu anakaa na karatasi kuhamisha takwimu kutoka huku kwenda kule, na mwisho wa mwezi watu watatu wanabishana kuhusu mifuko 12 ambayo huenda haikupotea kabisa. Katika mfumo jumuishi mfuko huo una mstari mmoja. Ukiuzwa kaunta kwa mkopo, idadi ya stoo inapungua, pato linaingia katika hesabu na deni la mteja linaongezeka, vyote kwa tendo lile lile, bila mtu wa kuhamisha chochote.

Hilo ndilo walilolitafuta wahandisi watano waliotoka kampuni ya kompyuta ya IBM na kuanzisha kampuni ya programu ya SAP nchini Ujerumani mwaka 1972. Mteja wao wa kwanza alikuwa kiwanda cha nyuzi za nailoni cha kampuni ya ICI huko Östringen, na herufi R katika majina ya programu zao, hadi R/3 ya mwaka 1992, ilisimamia kazi inayofanyika papo hapo (kwa Kiingereza real-time), wakati ambapo taarifa zilizoeleka kukusanywa kwanza na kuchakatwa baadaye kwa mafungu. Jina ERP lenyewe lilikuja mwaka 1990 kutoka kampuni ya utafiti ya Gartner, likiwa limekua kutoka katika mbinu za viwandani za kupanga malighafi. Wala wingi wa vipengele haukuwa kipimo. Duka linalotumia mauzo na stoo tu za Odoo, programu iliyoanzia Ubelgiji mwaka 2005 kwa jina la TinyERP, lina mfumo jumuishi kamili, kwa kuwa vipengele hivyo viwili vinaandika katika kanzidata ile ile.

Sisemi kwamba programu zilizounganishwa ni duni. Kiswahili cha ofisini nchini Tanzania kina neno zuri kwa hali hiyo: mifumo inasomana. Mamlaka ya Serikali Mtandao ilijenga GovESB ili mifumo ya taasisi mbalimbali ibadilishane taarifa, na hapo kusomana ndiko kunakofaa, maana taasisi inayotunza utambulisho wa raia na inayokusanya kodi hazipaswi kuwa na daftari moja. Anayesoma barua ya mwenzake, hata hivyo, anabaki na nakala, na nakala huchelewa.

Kuchelewa huko ndiko kunakoharibu kazi za kujiendesha, ambazo hutangazwa kwa sauti kubwa kuliko zote. Ukiuagiza mfumo uandae oda kwa msambazaji kila saruji inaposhuka chini ya mifuko 50, nao unasoma nakala ya jana usiku, utaagiza mzigo ambao umeshashushwa asubuhi, na utafanya hivyo kwa uaminifu kila siku.

Kwa hiyo, anayeonyeshwa mfumo wa aina hii aombe jambo moja tu: namba ya simu ya mteja ibadilishwe kwenye kaunta, kisha ifunguliwe ankara mpya upande wa hesabu. Namba mpya ikiwa tayari iko pale, na hakuna kilichotumwa kutoka programu moja kwenda nyingine, neno jumuishi limetumika sawasawa. Ikiwa itafika baada ya saa moja, au kesho, muuzaji aseme tu kwamba programu zake zinasomana, na mnunuzi atajua anacholipia.