Je, mahakama ya kiraia huwalegezea magaidi?

Kwa miaka mingi imeaminika kwamba mtuhumiwa wa ugaidi akipelekwa mahakama ya kawaida ataponyoka, na kwamba mahakama ya kijeshi ndiyo kiboko. Rekodi ya Marekani inaonyesha vingine.

Milipuko kwenye balozi zake Nairobi na Dar es Salaam, Agosti 7, 1998, iliua watu 224. Mwaka 2001 washtakiwa wanne walitiwa hatiani New York. Wote wakafungwa maisha. Mtanzania Ahmed Khalfan Ghailani, aliyetolewa Guantánamo, gereza la kijeshi la Marekani lililoko Cuba, alisomewa kesi ya milipuko hiyo hukohuko New York mwaka 2010. Jaji alimkataa shahidi muhimu, kwa kuwa alijulikana kupitia maneno ambayo Ghailani alishurutishwa kuyasema akiwa mikononi mwa CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Mashtaka zaidi ya 280 yakaanguka, likabaki moja. Wengi walilalamika, na uchungu wa wafiwa naulewa kabisa. Lakini hilo moja lilimpa kifungo cha maisha.

Huko Guantánamo, Salim Hamdan, dereva wa Osama bin Laden, alihukumiwa na tume ya kijeshi, yaani mahakama ya kijeshi ya huko, mwaka 2008. Mwaka huohuo alirudishwa Yemen, na 2012 mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu yake.