Tukio la load halimaanishi mambo yamekwenda sawa

Wengi tunaojifunza nao JavaScript hapa Kampala wanaamini kwamba ombi la XMLHttpRequest (njia ya JavaScript ya kuomba data kwenye seva) likijibiwa 404 (kilichoombwa hakipo) au 500 (hitilafu ndani ya seva), tukio la error ndilo litakalotokea. Sivyo. Mtume mtu wa bodaboda soko la Nakasero akuletee matoke. Akirudi mikono mitupu na kusema "yameisha", jibu umelipata: hiyo ni load, tukio la jibu kufika, liwe zuri au baya. Error ni pale asipofika kabisa, mtandao umekatika, au kivinjari kimekunyima jibu la tovuti nyingine.

Niliwahi kuona jedwali la bei ambalo kwenye kisanduku cha bei ya matoke pamejaa maandishi ya ukurasa wa 404. Aliyeliandika (mimi, nakiri) alimwaga responseText (maandishi ya jibu) bila kutazama status (namba ya jibu, kama hiyo 404).

Kwa hiyo ndani ya load pima kwanza: status ikiwa kati ya 200 na 299, ndipo usome jibu. Fetch, njia mpya zaidi ya kutuma maombi, nayo ina tabia hiyohiyo. 404 haiipeleki kwenye catch (sehemu ya kunasa makosa), angalia response.ok (huwa true status ikiwa kati ya 200 na 299). Timeout (muda wa kusubiri umeisha) ni tukio jingine kabisa la XMLHttpRequest, na usipoweka muda halitokei. Mwenye bando la kuungaunga atabaki anakodolea macho kiduara kinachozunguka.